Chanjo lazima, sawa, ila lazima ya nani?

Jumamosi iliyopita tuliitwa kikao cha wazazi kwenye shule anayotaka kuanza darasa la kwanza mwanangu wa mwisho. Shule siitaji, Tanga yenyewe hii ukipiga chafya Makorora unaombewa rehema Chumbageni, alafu mwalimu mmoja wa pale ni mteja wangu, gauni lake bado liko mezani sijamalizia mikono, nisije nikakosa hela na shule kwa mpigo.

Kikao cha saa 3 kikaanza saa 5 kasoro, ndo kawaida yetu. Tukaongea uji, tukaongea choo cha watoto wa kike ambacho mlango wake ni kanga (ndio, kanga, imetundikwa pale toka mwaka juzi), tukafika kwenye mengineyo, na hayo mengineyo ndo yalotuweka pale mpaka adhana ya adhuhuri.

Mwalimu mkuu alisema jambo dogo tu, kwamba wanaoandikisha watoto walete kopi ya cheti cha kuzaliwa na kopi ya kadi ya kliniki. Basi. Akainuka baba mmoja wa kamati, yule ambaye kila kikao lazima anyanyuke, akasema kopi peke yake haitoshi, mtoto ambaye kadi yake haijakamilika chanjo asipokelewe kabisa, arudi nyumbani mpaka mzazi wake ajue wajibu wake, tusibembelezane. Watu wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha akasimama mzee mmoja wa kanzu, Alhaji tunamwita, akasema mtoto ni amana nimepewa mie na Mola wangu, serikali haikuwepo wakati anazaliwa, na hakuna wa kunilazimisha nimchome mjukuu wangu kitu ambacho sijui kimetoka wapi na kina nini ndani. Watu wakapiga makofi tena. Wallah mie mwenyewe nilipiga makofi mara zote mbili, nimekuja kushtuka baadae njiani narudi kwamba nilikuwa upande gani hasa.

Kuna kaka mmoja anafanya kazi mahakamani akatukumbusha kwamba hilo jambo wala sio geni, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 8 imeshasema mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, nguo, matibabu pamoja na chanjo, elimu, hadi muda wa kucheza. Chanjo imeandikwa humohumo kwenye matibabu. Yani kisheria kumnyima mtoto chanjo unawekwa kundi moja na anayemnyima chakula. Alhaji akajibu "na hiyo sheria mlinisomea lini?" watu wakacheka, ila swali lake mie lilinikaa.

Sasa nitoe siri yangu. Wakati wote huo nilikuwa nimeikalia pochi yangu na ndani ya pochi kuna kadi ya mwanangu, na kadi ya mwanangu haijakamilika.

Ile kadi naitunza kuliko cheti cha ndoa. Iko kwenye mfuko wa nailoni, mfuko uko ndani ya kopo la biskuti, kopo juu ya kabati. BCG ipo, ya kifua kikuu, ile ya bega la kulia alochomwa akiwa na siku mbili na kovu lake analo. Matone ya polio yapo yote. Penta tatu zipo, wiki ya 6 ya 10 na ya 14, hiyo Penta kwa asojua ni magonjwa matano kwenye sindano moja, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na yale mengine ya kichomi na uti wa mgongo. Rota ya kuharisha ipo, ya nimonia ipo. Surua ya miezi 9 ipo. Surua ya pili, ile ya mwaka na nusu, pamebaki peupe.

Na sio kwamba sikwenda. Nilikwenda! Nilifunga duka, nikapanda bajaji, nikakaa benchi toka saa 1 na nusu asubuhi, ilipofika saa 4 nesi akatoka akahesabu watoto wa surua tukawa watatu, akasema mama zangu rudini wiki ijayo siwezi kufungua chupa kwa watoto watatu. Ni hivi, chanjo ya surua inakuja ni unga, inachanganywa na maji yake maalum, na ile chupa ni ya watoto 10, ukishaifungua ina masaa 6 tu baada ya hapo inamwagwa. Kwahiyo nesi anaogopa kumwaga dozi saba. Namuelewa kabisa, kituo sitakitaja na wala yule dada sina ugomvi nae, amepewa chupa za kuhesabiwa. Wiki ilofuata nikarudi tukawa wanne. Rudini. Mara ya tatu ndo sikwenda tena, ilikuwa karibu na Idi, na fundi cherehani ukimwambia afunge duka wiki ya Idi ni kama kumwambia mvuvi abaki nyumbani bamvua.

Alafu ikaja ile kampeni ya surua na rubella ya mwezi wa pili 2024, ya watoto wa miezi 9 mpaka chini ya miaka 5. Mwanangu akachomwa hapohapo mtaani chini ya mwembe, wakampaka wino kidoleni, akafurahi akawa anauonyesha kila mtu kama alotoka kupiga kura. Nikawaambia naomba mniandikie kwenye kadi, wakasema mama hii ni kampeni haiandikwi kwenye kadi, wino ndo ushahidi. Haya. Wino ule baada ya siku kadhaa za kuogelea Raskazone na binamu zake ukatoka, na ushahidi ukaenda na bahari.

Kwahiyo hapa nilipo nina mtoto alochanjwa ambaye hajachanjwa. Yule baba wa kamati angeshinda hoja yake pale, mwanangu angerudishwa nyumbani kwa kosa la mzazi asojua wajibu. Mie! Nlokaa benchi mara mbili.

Ndo maana nimeamua kuandika, maana toka siku ile ubishi umehamia kwenye grupu la wasap la wazazi na watu wamegawanyika wanaita wenzao majina. Na mie naona tunabishana kitu kimoja tu, mzazi alazimishwe au asilazimishwe, hakuna anayeuliza na yule anayelazimisha je, yeye analazimishwa na nani kufanya la kwake?

Nianze kwa kusema, kwa surua mie nipo upande wa lazima. Tena sana. Surua haina adabu. Mgonjwa mmoja anaambukiza watu 12 mpaka 18 kama hawana kinga, na hata akishatoka chumbani vijidudu vinabaki hewani mpaka masaa mawili vinasubiri anayeingia. Fikiria darasa la shule zetu, dawati moja watatu, wengine chini, mmoja akikohoa wote wamekohoa. Ndo maana wanasema inabidi watoto 95 kwa kila 100 wawe na kinga ndo ugonjwa ukose njia. Na anayeumia zaidi hata sio huyo mwanafunzi, ni yule kichanga wa miezi minne mgongoni kwa mama alokuja kumchukua dadake saa 6 mchana, huyo umri wake wa kuchanjwa bado, hana ngao yoyote zaidi ya nyie wengine kuchanjwa. Sasa Alhaji anaposema mjukuu ni wangu, sawa ni wako, kikohozi chake je? Nacho wako?

(Alafu Alhaji huyohuyo mie namkumbuka mwaka alokwenda Hijja. Saudia hawakupi visa bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Alichomwa, akapewa karatasi yake, akaiweka kwenye pasipoti, hakuuliza imetoka wapi wala ina nini ndani. Tulimsindikiza kwa kaswida. Sikusema pale kikaoni kwasababu ni mtu mzima na kashonesha kanzu kwangu, ila nasema hapa hasomi huku.)

Ubishi wenyewe wa lazima ni mkongwe kuliko wazee wetu wote. Uingereza walitunga sheria mwaka 1853 kila mtoto mchanga achanjwe ndui, ukikataa faini, watu wakaja juu mpaka mwaka 1885 mji wa Leicester ukajaa waandamanaji maelfu kwa maelfu, na mwaka 1898 serikali ikalegeza ikasema haya anayesema nafsi yake haimruhusu aachwe. Marekani mtu mmoja alikataa, akapigwa faini dola 5, akaenda mahakamani mpaka ile ya juu kabisa na mwaka 1905 akashindwa. Italia 2017 wakaweka chanjo 10 lazima kwa mtoto kuingia chekechea, Ufaransa 2018 wakaweka 11. Kwahiyo mnaosema kulazimishwa ni kwa sababu sisi ni masikini wa Afrika, hapana jamani, hata wenye nazo wanalazimishwa tena kwa faini.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi ni cha Samoa. Kinchi kidogo huko kwenye bahari ya Pasifiki, watu kama laki mbili tu. Mwezi wa saba 2018 watoto wachanga wawili walichomwa chanjo ya surua wakafa dakika chache baadae. Kilichotokea ni kwamba wale manesi badala ya kuchanganya ule unga na maji yake walichukua chupa nyingine, dawa ya kulegeza misuli ile wanayotumia kwenye upasuaji. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Ila serikali ikasimamisha chanjo kwa miezi mingi wakati wa uchunguzi, na katika huo ukimya wazazi wakajaziwa kila neno, kufika mwisho wa mwaka watoto waliokuwa na chanjo walibaki kama theluthi moja. Mwaka uliofuata surua ikaingia. Waliokufa ni 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Kwenye kinchi cha watu laki mbili! Hapo ndo serikali ikaja na lazima, ofisi zikafungwa siku mbili mwezi wa 12, watu wakaambiwa wakae ndani, na kila nyumba ambayo kuna mtu hajachanjwa itundike kitambaa chekundu nje ili wachanjaji wakiona waingie.

Mie ni mtu wa vitambaa. Nimekaa nawaza huyo mama anatafuta kitambaa chekundu cha kutundika, anakata nini, anakata kanga? Anakata gauni la mtoto? Na anapokitundika majirani wote wanaona, nyumba hii ndo wale. Na mwenzangu yule mama labda alikuwa na haki ya kuogopa mwaka wa kwanza, kwasababu watoto wawili walikufa kweli, haikuwa uzushi wa wasap. Angeelezwa mapema na mtu anayemuamini kwamba kosa lilikuwa chupa, sio chanjo, pengine kitambaa kisingehitajika.

Hapo ndo nataka nifike. Huyu baba wa kamati anataka kitambaa chekundu kabla ya maelezo. Ukinilazimisha nilete mtoto, basi na wewe ulazimike kufungua chupa hata kama tumekuja watatu. Ulazimike kuniandikia kwenye kadi hata kama ni kampeni. Ulazimike kuniambia akivimba nimpeleke wapi. Lazima ya upande mmoja kwetu pwani tunaijua, inaitwa ubabe.

Na imani haishonwi kwa siku moja. Sisi hapa tulipita kipindi ambacho mwezi wa kwanza 2021 mkuu wa nchi mwenyewe alituambia tusikimbilie chanjo za korona za wazungu, mwezi wa saba mwaka huohuo mkuu mwingine akachanjwa Ikulu mbele ya kamera tukaambiwa twendeni. Tena ile ilikuwa hiari. Sasa leo bibi wa miaka 70 akikuuliza nimuamini yupi unamjibuje kwa haraka?

Hilo la bibi sio mfano, ninae. Shangazi yangu anaishi Pongwe na anamlea mtoto wa marehemu kaka yangu, binti wa miaka 12 sasa hivi. Mwaka 2024 mwezi wa nne ilipokuja ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wanachomwa shuleni, shangazi aliambiwa na mjukuu jioni kwamba kesho mwalimu kasema tunywe chai vizuri tunachomwa sindano. Hakukuwa na barua wala kikao wala nini, mtoto ndo kaleta taarifa. Asubuhi yake binti hakuonekana shule, shangazi kampeleka Muheza kwa kisingizio cha kula machungwa na msimu wenyewe wa machungwa ulikuwa bado!

Nikampigia simu nikiwa na hasira. Akaniambia mwanangu wewe umezaliwa juzi, sie tumekulia na mumiani. Kama hujakulia pwani hili huwezi kulielewa, mumiani ni wale wanaonyonya watu damu ikatengenezwe dawa, watoto wa zamani ukisikia gari usilolijua jioni unakimbia ndani. Na halijafa hilo, Korogwe hapo toka 2009 kulikuwa na majaribio ya chanjo ya malaria, na Bagamoyo vilevile, watoto wakawa wanapimwa damu, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe kwenye daladala mama mmoja anasema zile damu zinasafirishwa. Kumbe ndo majaribio yalotoa ile chanjo ya malaria ya kwanza duniani ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha 2021. Watoto wa Korogwe na Bagamoyo wamo kwenye historia hiyo na nusu ya mji tunadhani waliuzwa damu. Nani katuambia? Hakuna.

Alafu shangazi ana ndugu upande wa Mombasa, huko Kenya 2014 maaskofu wa Katoliki walisema chanjo ya pepopunda wanayochomwa kina mama ina kitu cha kuzuia uzazi, Shirika la Afya Duniani na Unicef wakakanusha, lakini ndugu wa Mombasa alipiga simu siku ya kusikia uzushi, siku ya kukanusha hakupiga.

Nikamwambia shangazi hebu nionyeshe mkono wako. Ana kovu la chanjo ya ndui, duara limezama kama limebonyezwa na kidole. Alichanjwa mtoto, walipangwa foleni na hakuna alouliza. Ndui haipo tena duniani, mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali Merka, Somalia, pwani hiihii yetu ukipanda juu, mwaka 1977, anaitwa Ali Maow Maalin. Alikuwa hajachanjwa kwasababu aliogopa sindano itauma! Akapona, na ukubwani akawa anazunguka kuwaambia wazazi wachanje watoto polio mpaka alipofariki 2013. Shangazi kisa hicho alikipenda sana, kanirudisha nianze upya mara mbili. Nikamuongezea na la chale, maana kifuani pia anazo, nikamwambia wewe shangazi ulichanjwa na fundi kwa wembe mmoja mlokuwa watu sita hukumuuliza dawa ile ina nini. Akanijibu, "yule fundi nilikuwa namjua, mamake tulicheza wote."

Nikakosa la kusema kwakweli.

Hii ya mlango wa kizazi mie siiweki kundi moja na surua kwenye suala la lazima. Virusi vyake haviruki kwa kikohozi, mtoto wangu asipochanjwa hamuambukizi wa jirani darasani, kwahiyo kumfukuza binti shule kwa ajili hiyo naona ni dhulma, tena unamfukuza yuleyule unayesema unamuokoa. Lakini kukataa kwenyewe sikubaliani nako hata kidogo. Jirani yetu mmoja wa Ngamiani tumemzika na saratani hiyo, alianza na kutokwa damu akadhani ni mambo ya umri, alipofika hospitali ya saratani ya Ocean Road ilikuwa imeshatembea. Alikuwa mpishi wa shughuli, sufuria zake mpaka leo zinaazimwa. Na ndo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu. Ukiniambia kuna sindano moja ya kuzuia hilo mie nitafunga duka hata wiki ya Idi. Scotland walianza kuchanja mabinti 2008, wakaja kuangalia mwaka 2024 wale waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 na 13 hawakukuta hata mmoja mwenye saratani hiyo. Hata mmoja.

Na wanaosema mtoto wa miaka 9 mnamfundisha umalaya, jamani, inatolewa mapema kwasababu inafanya kazi vizuri kabla hajawahi kukutana na hao virusi kabisa. Pepopunda unachomwa kabla ya msumari.

Sasa wiki hii kuna jambo. Nimeenda Pongwe Jumapili na mkate wa kumimina, sikugusia chanjo, nimejifunza. Yeye mwenyewe ndo kaanza. Kasema nimefikiri, ntakwenda na mtoto huko kituoni, ila sitakwenda kunyamaza. Akatoa karatasi, ile ya kufungia vitumbua, ina alama ya mafuta pembeni, kaandika maswali manne kwa herufi za Kiarabu maana shangazi shule hakusoma alisoma chuoni, yani madrasa, Kiswahili chake chote anakiandika hivyo. Kanipa mie nimsomee nesi kwasababu macho yake na taa za hospitali hayapatani. Nilichukua muda kuyasoma, herufi nilishaanza kuzisahau.

La kwanza, kwanini wanachomwa wasichana peke yao, hao virusi wavulana hawana? Swali zuri na jibu lake ni kwamba wanavyo, kuna nchi zinachanja wote. La pili, mwanzo mlisema sindano mbili sasa mnasema moja, mlikosea lini, mwanzo au sasa? Hili nilimjibu palepale, kwamba 2018 ilipoanza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14 ilikuwa mbili kweli, alafu zikafanyika tafiti kuona kama moja inatosha na mojawapo ilifanyika hapahapa kwetu Mwanza, wasichana 930, wakaona moja inatosha. Akasema "kwahiyo waliwauliza Wasukuma, sie Wadigo hawakutuuliza", tukacheka mpaka kanga ikamvuka. La tatu, akizimia au akivimba nani wa kumpigia simu usiku, na nauli ya nani.

Nesi nilishaongea nae, kasema binti umri wake bado unaruhusu nimlete. Na kijana wangu nae nimlete hukohuko achomwe surua tena, kurudia hakumdhuru mtoto, ili mradi kadi iandikwe. Nikamuuliza na tukiwa watatu je? Akacheka akasema njooni Alhamisi, siku hiyo wanakuwa wengi.

Kwahiyo Alhamisi duka limefungwa, wenye nguo zenu mnivumilie. Ile karatasi ya vitumbua nimeikunja ndani ya kadi ya kliniki, humohumo kwenye nailoni. Matatu ya mwanzo nitayasoma bila shida. La nne ndo linanitatiza nitalisomaje mbele ya yule dada na foleni nzima inasikia bila kuonekana tumekuja kutafuta ugomvi, maana limeandikwa: na wewe unayechoma, unaitwa nani, na mamako ni nani?